Historia ya kivita ya meli ya mafuta Neosho (1939–1942): kwa nini ndege 78 zilitumwa kuifuata?

Mwalimu_Kibaigwa ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Kibaigwa, wilayani Kongwa.

Ninafundisha Historia kidato cha tano na cha sita, na tukifika kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia huwa tunapita haraka upande wa Bahari ya Pasifiki: Pearl Harbor, Midway, Hiroshima, kisha tunahamia mada nyingine. Mwaka huu klabu yetu ya historia imejiwekea utaratibu kwamba kila mwanafunzi achague chombo kimoja au mji mmoja aufuatilie tangu mwanzo wa vita hadi mwisho wake. Wengi wamekimbilia manowari zenye majina makubwa, lakini mwanafunzi mmoja, ambaye baba yake anauza dizeli na mafuta ya taa karibu na soko la mahindi, amechagua meli ya Jeshi la Majini la Marekani iitwayo Neosho, ambayo kazi yake ilikuwa kubeba mafuta na kuyapeleka kwa meli nyingine.

Katika vitabu tulivyonavyo meli hii imepewa sentensi mbili tu, kwamba ilishambuliwa Mei 1942 katika Mapigano ya Bahari ya Matumbawe, na kwamba Wajapani waliidhania kuwa meli ya kubeba ndege. Ningependa kujua ilifanya nini kabla ya siku hiyo, na ilikuwaje marubani waliofunzwa vizuri wakakosea kwa kiasi hicho. Aidha, darasani umezuka ubishi ambao sikutaka kuumaliza kwa amri ya mwalimu: wapo wanaosema meli ya namna hii ni ghala linaloelea tu na haistahili kuitwa chombo cha vita, na wapo wanaosema bila yake hapakuwa na vita vyovyote baharini. Mwenye ufahamu wa mambo haya atusaidie.

Mzee_wa_Chamwino amejibu:

Mwalimu, nashukuru kwa swali hili. Nitajibu kwa kufuata miaka, ila nitaruka sehemu ambazo hazina la kusimulia, maana maisha ya meli ya mafuta kwa sehemu kubwa ni kupakia, kwenda, kupakua na kurudi.

Neosho iliundwa katika karakana ya Federal mjini Kearny, New Jersey, ikashushwa majini Aprili 1939 na kuingia rasmi jeshini tarehe 7 Agosti 1939, wiki chache kabla Ujerumani haijaivamia Poland. Ilikuwa moja ya meli 12 zilizotokana na makubaliano ambayo ni vyema wanafunzi wako wayafahamu, kwa sababu yanaeleza mengi yaliyofuata. Meli za mafuta ambazo Marekani ilikuwa nazo tangu vita vya kwanza zilikwenda polepole mno, na manowari mpya zisingeweza kusafiri nazo bila kupunguza mwendo. Serikali ikakubaliana na kampuni ya Standard Oil ya New Jersey kwamba meli hizo 12 ziwekewe mitambo yenye nguvu kuliko biashara ya kawaida inavyohitaji, na gharama iliyozidi ilipwe na serikali. Matokeo yake ni meli yenye urefu wa takriban meta 168, inayobeba mapipa yapatayo 146,000, na yenye uwezo wa kwenda maili za baharini 18 kwa saa, yaani kilomita 33 hivi. Kwa chombo chenye uzito wa karibu tani 25,000 kikiwa kimeshiba mafuta, mwendo huo haukuwa wa kawaida kwa wakati ule.

Mwaka 1941, baada ya kufanyiwa marekebisho ya kijeshi huko Puget Sound, ilipewa kazi ya kusafirisha petroli ya ndege kutoka pwani ya magharibi ya Marekani kwenda Hawaii. Ndiyo maana ilikuwapo Pearl Harbor siku ya mashambulizi. Iliwasili tarehe 6 Desemba, ikapakua petroli katika kituo cha ndege cha kisiwa cha Ford, na asubuhi ya tarehe 7 mabomu yalipoanza kudondoka ilikuwa bado imefungwa kwenye gati la petroli, karibu kabisa na safu ya manowari kubwa ambazo Wajapani walikuja mahususi kwa ajili yake. Nahodha wake, John S. Phillips, hakusubiri msaada wa mashua za kuvuta. Aliamuru kamba zikatwe, akaiondoa meli gatini katikati ya moshi na risasi na kuipeleka sehemu ya bandari iliyokuwa salama zaidi, huku mizinga yake midogo ikifyatua muda wote. Mabaharia watatu walijeruhiwa, na meli yenyewe ikatoka nzima. Phillips alitunukiwa Nishani ya Msalaba wa Majini kwa kitendo hicho.

Miezi iliyofuata ilifuatana na vikosi vya meli za kubeba ndege, ikivijaza mafuta katikati ya bahari. Tufike Mei 1942. Wajapani walitaka kuiteka Port Moresby, katika kisiwa cha New Guinea, na Admirali Frank Jack Fletcher alikuwa na meli mbili za kubeba ndege, Yorktown na Lexington, za kuwazuia. Tarehe 6 Mei Neosho iliijaza mafuta Yorktown pamoja na kruza (manowari ya ukubwa wa kati) Astoria, kisha ikaagizwa iende kusini, mbali na mahali palipotarajiwa kupiganwa, ikisindikizwa na manowari moja tu ndogo, Sims.

Asubuhi ya tarehe 7 ndege ya upelelezi ya Kijapani iliziona meli hizo mbili na kuripoti kwamba imeona meli ya kubeba ndege pamoja na kruza. Admirali Hara Chuichi, aliyeongoza meli za kubeba ndege Shokaku na Zuikaku, akarusha ndege 78. Zilipofika zilikuta meli ya mafuta na msindikizaji wake. Walizunguka muda mrefu wakiitafuta hiyo meli ya kubeba ndege ambayo haikuwepo, wakakata tamaa. Ndege za topido (mabomu yanayokwenda ndani ya maji) na za kivita zikarudi, na zile 36 za mabomu, ambazo hushuka kwa kasi kutoka juu, zikaamua kutorudi na mzigo. Sims ilipigwa mabomu matatu, ikakatika na kuzama pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Neosho ilipigwa mabomu saba, na ndege moja iliyokwishatunguliwa ikaangukia juu ya sitaha na kuongeza moto.

Meli haikuzama siku hiyo. Iliinama upande mmoja, ikakosa nguvu za mitambo, ikaelea kwa kufuata upepo na mkondo kwa siku nne. Sehemu ya matangi yake ilikuwa tupu kwa sababu ya mafuta yaliyokwishagawiwa, na hewa iliyokuwa ndani ndiyo iliyoibeba. Tarehe 11 Mei manowari Henley iliifikia, ikaokoa watu 123, wakiwemo 14 waliotoka Sims, na kisha ikaimalizia Neosho kwa mizinga ili isiachwe ikizagaa baharini.

Kuna sehemu moja ya mkasa huo ambayo hunisikitisha zaidi kuliko mabomu yenyewe. Baada ya shambulio nahodha alitoa amri ya kujiandaa kuiacha meli, na baadhi ya mabaharia, katikati ya kelele na moshi, wakaielewa kuwa ni amri ya kuiacha. Waliruka, wakapanda maboya ya kuokolea, na upepo ukawatenganisha na meli ambayo ilikuwa bado inaelea. Watu 68 walijikuta wamefunganya maboya yao pamoja bila maji ya kutosha wala kivuli. Manowari Helm ilipowapata tarehe 16 Mei walikuwa wamebaki wanne, na wawili kati yao walifariki baadaye.

Dereva_wa_Tangi amejibu:

Mzee, shikamoo. Mwalimu, habari za kazi.

Mimi huendesha lori la mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida hadi mpakani Rusumo, kwa hiyo nitagusa jambo ninalolijua kwa mikono yangu. Tangi ninalovuta hubeba lita 38,000. Mapipa 146,000 ni zaidi ya lita milioni 23, ambayo ni sawa na malori yangu zaidi ya 600 yaliyopangwa foleni, na foleni hiyo ingeanza mizani ya Nala nisijue ingeishia wapi.

La pili ni kuhusu Pearl Harbor. Wanafunzi wasije wakadhani kwamba kwa kuwa meli ilikwishapakua, basi hatari ilikwisha. Sisi tunajua kwamba tangi lililotoka kumwagwa petroli ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Lililojaa lina mafuta na hewa kidogo tu juu yake, lakini lililomwagwa limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ukikutana na cheche hauwaki taratibu, unalipuka. Hakuna fundi wa kuchomelea pale Dodoma mwenye akili timamu atakayegusa tangi hilo kabla halijaoshwa na kupitishwa mvuke wa maji. Nahodha yule alikuwa na matangi ya namna hiyo, na pembeni yake palikuwa na matangi ya nchi kavu yaliyotoka kujazwa petroli ile ile, huku manowari zikiungua jirani yake. Kuiondoa meli pale hakukuiokoa meli peke yake.

Binti_wa_Kondoa amejibu:

Shikamoo Mzee. Ninasoma Historia hapa chuoni Dodoma, na nimeufurahia maelezo yako. Nitaongeza tahadhari moja kwa sababu Mwalimu anayatumia darasani.

Yapo maandishi yanayosema kwamba Neosho na Sims "ziliziokoa" Yorktown na Lexington siku ya tarehe 7. Kwa upande mmoja hoja hiyo ina uzito: Hara aliporusha ndege zake kuelekea kusini, muda huo huo ndege za Fletcher zilikuwa zikielekea upande mwingine, ambako kabla ya saa sita mchana ziliizamisha meli ndogo ya kubeba ndege ya Kijapani iitwayo Shoho. Lau Hara angeitumia asubuhi hiyo kumtafuta Fletcher, huenda mambo yangekuwa tofauti. Hata hivyo, tukisema "ziliokoa" tunaifanya bahati ionekane kama mpango. Hakuna aliyezituma meli hizo mbili ziwe chambo. Zilitumwa kusini ili ziwe salama.

Tena Wajapani hawakuwa peke yao katika kukosea. Asubuhi hiyo hiyo rubani wa Marekani aliripoti meli mbili za kubeba ndege na kruza nne, na Fletcher akarusha karibu kila alichokuwa nacho kwa kuamini taarifa hiyo. Rubani aliporudi ikabainika kwamba kulikuwa na hitilafu katika namba za siri za ujumbe wake, na kwamba alichokiona ni manowari za kawaida. Ndege zilikuwa zimekwishaondoka, na ni kwa kupata taarifa nyingine njiani ndipo zikaelekezwa kwa Shoho. Kwa hiyo swali la Mwalimu, kwamba marubani waliofunzwa vizuri walikoseaje, lijibiwe kwa pande zote mbili. Kutoka juu, kwenye mawingu yaliyokatika-katika, ukitazama chombo kirefu chenye sitaha pana iliyo bapa na chombo kidogo chembamba kikikifuata, na ukiwa umetumwa kutafuta hicho hicho, utakiona. Neosho ilikuwa na urefu wa meta 168, ambao haukupungua sana kuliko ule wa meli ndogo ya kubeba ndege.

Siku iliyofuata, tarehe 8, Lexington ilizama na Shokaku ikaharibiwa vibaya, lakini msafara wa kwenda Port Moresby uliahirishwa. Kupotea kwa Neosho nako kulimbana Fletcher, kwa kuwa meli nyingine ya mafuta aliyokuwa nayo, Tippecanoe, ilikwishagawa mafuta yake na kuondolewa eneo hilo.

Mzee_wa_Chamwino amejibu:

Marahaba binti yangu. Naafiki, na neno "ziliokoa" nami silipendi. Admirali Hara alifanya kosa lililomgharimu, na mabaharia wa Neosho na Sims ndio waliolilipia. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mwalimu_Kibaigwa ameuliza tena:

Nawashukuru nyote. Wanafunzi wamenituma na swali jingine. Imesemwa hapo juu kwamba Neosho iliijaza Yorktown katikati ya bahari. Je, meli zilisimama? Na kama zilisimama, nyambizi ya adui ingekosaje kuzipiga?

Mzee_wa_Chamwino amejibu:

Hazikusimama, na hapo ndipo ulipo ufundi wote wa kazi hii.

Meli mbili huenda sambamba, mwelekeo mmoja na mwendo mmoja, zikiwa zimetengana kwa nafasi ambayo mtu mwenye mkono mzuri angeweza kurusha jiwe likavuka. Kwanza hurushwa kamba nyembamba kwa bunduki maalumu, kamba hiyo huvuta nene zaidi, na ile nene huvuta mipira mikubwa ya mafuta, ambayo huning'inizwa kwenye milingoti ya kupakulia ili isiguse maji wala isikazwe ikakatika meli zinapoyumba. Mtu wa usukani hana nafasi ya kukohoa. Maji yanayopita kati ya meli mbili zinazokwenda karibu-karibu hukimbia kwa kasi kuliko yale ya nje, na hali hiyo huzivuta zigongane. Akikosea kidogo upande mmoja zinakutana, akikosea upande wa pili mipira inakatika na mafuta mazito yanamwagika juu ya sitaha na watu. Kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa kwa meli kubwa, na muda wote huo meli haziwezi kupinda-pinda kukwepa topido. Mwanafunzi aliyeuliza kuhusu nyambizi amegusa penyewe: ilikuwa saa ya hatari kuliko zote, na ndiyo sababu manowari ndogo zilizunguka pembeni zikisikiliza chini ya maji, na ndiyo sababu makamanda walipenda kujazia mbali na adui, kisha wakaikimbiza meli ya mafuta nyuma.

Ufundi huo ulianza kujaribiwa kwa dhati mwaka 1917, wakati meli ya mafuta Maumee ilipokaa katikati ya Bahari ya Atlantiki ikizijazia manowari ndogo za Marekani zilizokuwa zikivuka kwenda Queenstown, Ireland, kwa kuwa matangi yake hayakutosha safari nzima. Afisa aliyesimamia mitambo ya Maumee na kubuni mpangilio wa mipira yake alikuwa kijana aitwaye Chester Nimitz. Miaka 24 baadaye kijana huyo, sasa Admirali, ndiye aliyekabidhiwa Meli zote za Pasifiki baada ya Pearl Harbor. Sidhani kama palikuwa na mtu aliyefaa zaidi, kwani vita vya Pasifiki vilikuwa vita vya masafa, na yeye alikwishayapimia masafa hayo kwa mapipa.

Sasa nirudi kwenye ubishi wa darasani, maana kuna mfano ambao kwangu unaumaliza. Mwanzoni mwa 1942 kikosi cha Lexington, chini ya Makamu Admirali Wilson Brown, kiliagizwa kwenda kukishambulia kisiwa cha Wake, ambacho Wajapani walikuwa wamekiteka mwezi uliotangulia. Mafuta ya kukifikisha huko na kukirudisha yalikuwa ndani ya meli moja ya zamani, Neches. Tarehe 23 Januari nyambizi ya Kijapani iliipiga Neches kwa topido usiku na kuizamisha, na watu 57 wakafa. Lexington haikuguswa, ndege zake hazikuguswa, marubani wake walikuwa tayari. Shambulio likafutwa, kikosi chote kikarudi Pearl Harbor. Nahodha wa nyambizi ile aliigeuza meli ya kubeba ndege bila hata kuiona.

Wajapani wenyewe hawakulizingatia jambo hili ipasavyo tarehe 7 Desemba. Matangi ya nchi kavu ya Pearl Harbor yalikuwa na mapipa yapatayo milioni 4.5, hayakupigwa, na Nimitz baadaye alisema kuwa kama yangeteketezwa vita vingerefuka kwa miaka miwili.

Msafiri_wa_Mpwapwa amejibu:

Kwa heshima ya wakubwa waliotangulia, naona Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili hili katika maji yetu wenyewe, miaka 27 kabla ya Neosho, isipokuwa hapo mafuta yalikuwa makaa ya mawe.

Kruza ya Kijerumani Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, na vita vilipokaribia ikatoka bandarini tarehe 31 Julai ili isifungiwe ndani. Tangu siku hiyo tatizo lake kubwa halikuwa Waingereza bali makaa. Waingereza walikuwa wamekwishanunua makaa yaliyokuwapo katika bandari za Msumbiji ya Wareno ili Wajerumani wasiyapate. Königsberg iliikamata meli ya mizigo City of Winchester karibu na Oman, ikachukua makaa yake, na yalikuwa duni. Iliyoibeba kweli ni meli ya Kijerumani iitwayo Somali, iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na makaa na kuitafuta baharini, zikakutana kwa siri mbali na njia za meli. Ni kwa makaa hayo Königsberg ilifika delta ya Rufiji, na kutoka huko ikaenda Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 kuizamisha manowari ya Uingereza iitwayo Pegasus.

Waingereza walipogundua maficho ya Rufiji, Somali nayo ilikuwa humo humo mtoni, na Novemba 1914 mizinga yao ikaiwasha moto ikateketea. Wajerumani wakatuma meli nyingine kutoka Ulaya, Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, ikiwa na makaa ya kuiwezesha Königsberg kurudi kwao. Aprili 1915 ilinaswa na manowari Hyacinth ikakimbilia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikazamia humo. Silaha zake nyingi ziliopolewa na kumfaa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, lakini makaa hayakufika Rufiji. Königsberg haikutoka tena mtoni, na Julai 1915 ikaharibiwa humo. Mizinga yake iling'olewa ikapigana nchi kavu. Mmoja ulipelekwa kwa reli ya kati hadi Kigoma ukafungwa kwenye meli ya Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba, kwa hiyo mzinga wa bahari ulipita hapa hapa Dodoma juu ya behewa.

Binti_wa_Kondoa amejibu:

Mfano wa Somali ni mzuri. Nigusie ubishi wa darasani kwa upande wa kumbukumbu rasmi, maana Mzee ameujibu kwa hoja, nami nitaujibu kwa nyaraka.

Jeshi la Majini la Marekani huipa meli nyota ya vita kwa kila operesheni iliyoshiriki kwa kiwango kinachotambulika. Neosho ilipewa 2. Dada yake wa kwanza, Cimarron, iliyosindikiza meli ya kubeba ndege Hornet katika msafara wa ndege 16 zilizoishambulia Tokyo Aprili 1942, ilipewa 10 za vita vile peke yake, idadi ambayo manowari nyingi zenye mizinga mikubwa hazikuifikia, na ikaendelea kutumika hadi 1968. Kwa hiyo jeshi lenyewe lilikwishaamua kwamba hizi ni meli za vita.

Kwa upande wa watu, mwanafunzi asimwache Oscar V. Peterson, msimamizi wa boila katika Neosho. Mabomu yalipopiga, wenzake wa kikundi cha matengenezo walijeruhiwa, naye mwenyewe akaumia vibaya, lakini mabomba ya mvuke yalihitaji kufungwa ili mvuke usiendelee kuvuja. Aliingia akafunga valvu kwa mkono, akaungua zaidi kwa kufanya hivyo, na akafariki siku chache baadaye. Alipewa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kabisa nchini mwake, na mwaka 1943 manowari ya kusindikiza ikaitwa kwa jina lake. Alikuwa fundi, na silaha aliyoishika siku hiyo ilikuwa gurudumu la valvu lenye moto.

Klabu yenu ikitaka meli ya kulinganisha, naipendekeza Mississinewa. Iliingia jeshini Mei 1944, na tarehe 20 Novemba mwaka huo huo, ikiwa imetia nanga katika maji ya ndani ya visiwa vya Ulithi, Bahari ya Pasifiki, ilipigwa na kaiten, topido ya Kijapani inayoongozwa na mtu aliyeketi ndani yake. Ilikuwa meli ya kwanza kuzamishwa kwa silaha hiyo, na watu 63 walikufa. Shehena yake ilikuwa petroli ya ndege, dizeli na mafuta mazito. Mabaki yalipatikana mwaka 2001, mafuta yakaanza kuvuja na kuwasumbua wavuvi wa visiwa vile, na mwaka 2003 Marekani ikalazimika kwenda kuyafyonza kutoka chini ya bahari, karibu galoni milioni 2.

Mwalimu_Kibaigwa amejibu:

Ahsanteni sana. Nitaanza na Neches kabla ya Neosho, kwa sababu ubishi wa darasani ni kama meli ya mafuta inastahili kuitwa chombo cha vita, na hapo wataona meli ya kubeba ndege ikigeuzwa na kurudi. Ya Rufiji nitampa mwanafunzi mwingine aifanye peke yake. Mwenye ramani nzuri ya delta inayoonyesha mahali Somali ilipoteketea, naomba aiweke hapa.

Msafiri_wa_Mpwapwa amejibu:

Mwalimu, ninayo iliyochorwa kwa mkono, niliinakili miaka ya nyuma. Nitaipiga picha kesho mchana kukiwa na mwanga na kuiweka hapa.